Pumzi ya Kutoka Majini

Merveille mutoto wangu, ninaandika hii kwa ajili yako kwanza, kiisha ya wengine. Jana ulipita mbele ya mulango wangu na kitambaa shingoni, na mama yako akanieleza: wamekuita hospitali kwa kupasua ile kovu ya moto ya shingo yako, na wewe unakataa. Si juu ya kisu, juu ya usingizi. Unaogopa kulala na kukosa kuamuka. Sitakuambia usiogope. Mimi muzee, Koko Véronique, niliogopa hivyo hivyo, na nilikuwa na sababu, maana walinilalisha mara ya kwanza na nikakaribia kubaki huko. Shule yangu ilikuwa kidogo tu, kwa mamelo, wale watawa wa misioni, basi usitafute virgule, zile alama za kukata maneno. Lakini majina ya watu, sijapoteza hata moja.

Mimi ni mutoto wa Wagenia, wa maporomoko. Baba yangu, Papa Lusuna, alikuwa anatega vikapu vyake ndani ya maji yenye nguvu, na mimi nilizaliwa na ile ngurumo ndani ya masikio. Walinioza Yanonge, kule mto unashukia, kwa Augustin, mutu wa kuchuuza samaki kavu na mawese. Ilikuwa miaka ya hamsini, wakati Wabeleji walikuwa wanaita muji wetu Stanleyville na sisi tunaita Kisangani.

Siku moja, mvua imetoka kunyesha, nilikuwa napika mawese ndani ya sufuria kubwa. Jiwe moja la jiko likateleza ndani ya matope. Mafuta yote ikanimwagikia shingoni na kifuani. Gaspard, mutoto wangu wa kwanza, alikuwa mugongoni, na hakupata hata tone. Hiyo niliishukuru hata pale nilipokuwa nalia.

Mama Yema, mama mukwe wangu, alinitunza, siwezi kumusingizia. Aliosha, alipaka dawa ya majani, alifukuza inzi na mukono wake. Kidonda ikakauka, watu wakacheza. Nani alijua kama kule kukauka ndiyo ugonjwa wenyewe ulikuwa unaanza? Ngozi mupya ilikuja ngumu, inang'aa, na ilivuta. Ilivuta wakati wa jua, ilivuta wakati wa mvua, pole pole, sawa kamba ya mutego. Kichwa ikashuka. Mwisho kidevu ikafika kifuani na ikakaa hapo. Mudomo wa chini ukageuka inje, mate ikawa inashuka bila kuomba ruhusa. Maji nilikunywa kwa kijiti cha jani la papai, kile chenye tundu ndani. Na chini ya kidevu, kwenye mukunjo, kulikuwa kunaoza, harufu inanifikia mimi wa kwanza.

Nikawa mutu wa kutazama chini. Watu nilijua kwa miguu. Augustin alikuwa na kidole kilichovunjika. Mama Yema alikuwa na kisigino chenye kupasuka. Gaspard, alipoanza kutembea, alipata akili yake mwenyewe: anakuja mbele yangu, anachuchumaa mpaka chini kabisa ya uso wangu, kiisha anatazama juu.

"Mama, nakuona!"

"Na mimi nakuona, papa wangu mudogo."

Hiyo ndiyo ilikuwa namna yetu ya kusalimiana. Lakini mutoto anakomaa. Nilikuwa najiuliza: akifika urefu wa baba yake, mimi nitajua uso wake namna gani?

Na ndani ya nyumba maneno ikaanza. Mama Yema alikuwa anasema mbele yangu, sawa vile kuinama ilinifanya kiziwi: "Augustin, hii nyumba inataka muke wa kuinua kichwa." Augustin hakujibu. Kidole kile kilichovunjika nilikiona kinakwaruza udongo. Kukosa kujibu kwake kuliniuma kupita mafuta.

Papa Lusuna alisikia habari, akashuka na pirogi, mutumbwi wake, yeye mwenyewe. Hakugombana na mutu. Alisema tu: "Ninakopa mutoto wangu kidogo. Nitamurudisha na kichwa juu." Tukapanda mto mpaka Kisangani, mimi nimebeba Gaspard, natazama maji ya chini ya pirogi.

Wakati ule kila rangi ilikuwa na hospitali yake. Ya kwetu watu weusi ilikuwa na barza ndefu, na bangi, vile viti virefu vya kungojea. Ungojeaji wa hospitali unaujua, Merveille, haujabadilika. Unafika na umande, jua inapita juu ya paa, jina yako haijaitwa. Hapo ndipo nilipata rafiki, Mama Esther wa Opala, mwenye kidonda cha muguu. Ulimi yake haikuwa na mulango.

"Wee mutoto wa Wagenia, unatafuta nini kule chini siku yote? Umeangusha falanga?"

"Ninahesabu vidole vya watu, Mama Esther."

"Basi hesabu vyangu mbele munganga hajakata kimoja!"

Nilicheka, mara ya kwanza toka moto. Kucheka kuliivuta kovu, ikaniuma, nikacheka tena.

Daktari alikuwa Docteur Maurice, Mubeleji mwenye mikono mikubwa na sauti ndogo. Alisema atakata ile kovu, atatoa ngozi ya paja, ataishona shingoni. Mwenye kulalisha watu alikuwa muuguzi, infirmier Boniface, mutu wa Kasongo, kijana bado, viatu vyeupe vyenye kupakwa chokaa. Wagonjwa walikuwa wanamuita Papa Usingizi.

Ile siku ya kwanza waliniweka juu ya meza na mito mingi nyuma ya kichwa, maana kichwa haikukubali kulala. Boniface alinifunika pua na mudomo na kikapu kidogo cha waya chenye kitambaa, akaanza kutonesha éther, dawa ya usingizi. Ile harufu! Tamu na kali pamoja. "Pumua tu, Mama Véronique," alisema.

Mimi nikafunga.

Sikuamua kufunga. Nilisikia tu kitu kimekamata uso wangu, na mwili ukafunga wenyewe. Wao walinieleza mambo mengine nyuma. Kifua ikasimama. Boniface akangojea. Kiisha pumzi ikanishinda, nikavuta moja kubwa, éther yote ikaingia kwa mara moja, nikaregea sawa nguo ya maji. Hapo ndipo shingo ilionyesha ubaya wake. Mutu mwenye kulala, ulimi unaanguka nyuma unaziba njia. Kwa mutu wa kawaida wanainua kidevu, njia inafunguka. Kidevu yangu mimi, nani ataiinua? Kifua ilikuwa inapanda na kushuka na hewa haiingii. Midomo ikawa rangi ya biringanya. Docteur Maurice akasema watupe kile kikapu, wakanigeuza ubavu, Boniface akakamata ulimi wangu na koleo akauvuta inje kwa nguvu yake yote. Hewa ikaingia na sauti sawa mulango wa zamani.

Hawakukata. Niliamuka na kidevu pale pale kifuani, na ulimi wenye tundu, umevimba, nasema sawa mulevi.

Habari ilifika Yanonge haraka kupita pirogi. Mama Yema na Augustin wakapanda. Mama Yema alisimama pembeni ya kitanda, kisigino chake nilikijua.

"Mungu amemurudisha mara moja. Ni nani atamuomba mara ya pili? Mutoto iko na mama wa kuinama. Afazali mama wa kuinama kuliko kaburi."

Na usicheke, Merveille. Hiyo siku hakusema kwa ubaya. Sauti yake ilikuwa inatetemeka.

"Augustin, wewe unasema nini?" Papa Lusuna aliuliza.

 Augustin alipiga magoti, nikaona uso wake, siku mingi sijauona muzima. Alikuwa amekonda. "Mimi naogopa," alisema. "Mama ananiambia nioe mwingine, sijibu, maana nikifungua kinywa nitalia mbele ya watu. Véro, ukikataa tunarudi nyumbani leo. Ukikubali, nitakaa pale barzani. Ni shingo yako."

Basi kule kukosa kujibu nilidhani ni kunikana, kumbe ilikuwa kulia kwa ndani.  Nilikuwa natazama Gaspard amelala mapajani, ninawaza: nikifa, atanisahau. Nikikaa hivi, ule uozo utapanda. Docteur alikuwa amesema wazi kama ile mukunjo haitangojea misimu mingi.

Kesho yake Boniface alikuja. Hakusimama. Aliketi chini kwenye simenti, na suruali yake nyeupe, ili nimuone. Hiyo peke yake, mutoto wangu, ilikuwa dawa. Macho yake ilikuwa nyekundu.

"Mama Véronique, sikuja kukusukuma. Ninataka kujua kitu kimoja. Nilipoweka kile kikapu, ulifanya nini?"

"Nilifunga."

"Ulifunga nini?"

"Pumzi."

"Kwa nini? Nilikuambia upumue!"

Papa Lusuna, aliyekuwa anamulisha Gaspard lituma, ndizi ya kutwanga, akaweka sahani chini. "Munganga, wewe ni mutu wa wapi?"

"Kasongo, papa. Kwetu ni mashamba."

"Aa, bon. Mutoto wa kwetu, mbele hajajua kutembea vizuri, tunamufundisha: maji ikikukamata uso, funga. Usipigane, usiite, funga, ngojea maji ikutupe. Mwenye kukosa kufunga hatuko naye tena. Ulimufunika uso, na ile dawa yako ni maji. Alifanya vile nilimufundisha."

 Boniface akajipiga kipaji. "Ninauliza watu: umekula? unakohoa? una meno ya kutikisika? Sijauliza hata mutu mumoja kama anatoka mtoni!" Akaanza kucheka, na Papa Lusuna akacheka, na Mama Esther kutoka kitanda ya pili akapiga kelele: "Basi mimi uniulize! Mimi ni wa mto Lomami, kule Opala, lakini sijui kuogelea, nilalishe bila wasiwasi!"

Ndipo Boniface akanieleza njia nyingine. Hatanilalisha mbele hewa haijapata barabara yake. Atapitisha mupira mwembamba wenye tundu ndani puani, ushuke mpaka ndani ya njia ya pumzi, na mimi niko macho, nimeketi. Mupira ukishafika, ndipo usingizi. Kwa watu wenye shingo nzuri alikuwa anapitisha mupira na taa, anaona njia. Kwa mimi taa haitaingia. Itabidi aongoze kwa sikio: kusikiliza pumzi yangu ikitoka kwenye muncha wa mupira, aifuate, sawa mutu anafuata sauti ya maporomoko ndani ya ukungu.

"Umefanya hiyo mara mingapi?" nilimuuliza.

"Bado hata mara moja."

Nilipenda jibu hiyo. Mutu mwenye kutaka kukudanganya angesema mara mingi.

"Basi jifunze kwanza," nilisema. "Mimi niko hapa."

Hivyo ndivyo tulipita ule musimu wa mvua, yeye anajifunza na mimi najifunza. Alinunua kichwa cha mbuzi sokoni kwa Waislamu wa Maniema, akaomba waache koo yote, akakaa nacho nyuma ya jiko ya hospitali, anapitisha mupira, anatoa, anapitisha. Mama Esther alikuwa anamungojea barzani.

"Papa Usingizi, mbuzi ameamuka?"

"Bado, mama. Amekuwa supu."

"Aaa! Kumbe ndivyo wagonjwa wako wanamalizika!"

Lakini mbuzi aliyekufa hapumui, na Boniface alitaka pumzi. Wagonjwa wenye shingo nzuri waliokubali, Docteur Maurice alimuachia awapitishe mupira kwa kusikiliza tu, taa pembeni, yeye mwenyewe amesimama pale tayari kusaidia. Mara ya kwanza ilishindikana, mara ingine ikaenda tumboni, wakatoa, wakaanza upya. Kila jioni Boniface alinihesabia, kushindwa na kushinda, bila kuficha. Siku moja alikuja pua imevimba, macho inatoka machozi. Alijipitishia mupira mwenyewe, mpaka nyuma ya koo, Mamelo Godelieve, mutawa wa pale hospitali, amemushikia kioo.

"Kwa nini ulijitesa?" nilimuuliza.

"Ili nikikuambia inauma kidogo, nisiseme uongo."

"Na inauma?"

"Inauma kidogo. Inatisha mingi. Hasa pale inapopita pembe ya koo, unataka kutapika. Hapo ndipo unapumua taratibu."

Na mimi kila asubuhi alinipulizia dawa ya ganzi, ile sawa ya kungoa jino, akaweka mupira mwembamba sana, kidogo tu, kesho yake zaidi kidogo. Tukapatana alama: nikiinua mukono, anatoa hapo hapo, bila kuuliza. Siku za kwanza niliinua mukono sawa mwanafunzi mwenye akili. Alitoa kila mara. Kwa sababu alitoa kila mara, ndiyo mwisho niliacha kuinua.

Lakini kufunga, hiyo haikuniacha. Mupira ukigusa nyuma ya pua, mwili unafunga, kimya, na Boniface hana cha kusikiliza. Alijaribu maneno, alijaribu kuomba. Ni Papa Lusuna aliyesema: "Hauwezi kumuambia mutu chini ya maji afungue. Unamuita atoke."

Kwetu, mutu akiingia chini kufungua kikapu kilichonasa, mwenzake wa juu anagonga ubavu wa pirogi na kasia: ko, ko, ko. Maana yake: inatosha, toka. Na mwenye kutoka, kitu cha kwanza havuti hewa ndani, anapuliza inje kwanza, huuuu, maji itoke puani, ndipo avute. Hakuna Mugenia asiyejua ile sauti. Papa Lusuna akagonga chuma ya kitanda na mufupa wa kidole. Ko, ko, ko. Na kifua yangu, bila kuniuliza, ikapuliza. Huuuu.

Boniface alikuwa ameweka sikio kwenye muncha wa mupira. Nywele zake za pembeni ya sikio zikatikisika. Alisema pole pole, "Papa, gonga tena."

Ile siku yenyewe ya kupasuliwa, mvua ilikuwa inapiga bati. Augustin alikuwa barzani, vile alivyosema. Mama Yema alikuwa amebeba Gaspard, na aliweka mukono wake kichwani pangu, akauacha hapo kidogo. Papa Lusuna hawakumuruhusu kuingia. Nilimusikia anamuambia Boniface mulangoni: "Si kwa haraka. Mwenye kugonga kwa haraka anamuogopesha."

Waliniketisha juu ya meza. Ganzi ikachoma, kiisha koo ikawa sawa ya mutu mwingine. Mupira ukaingia. Nikafunga.

Boniface akagonga chuma ya meza. Ko, ko, ko.

Huuuu. Sikio lake lilikuwa karibu, nilisikia joto ya shavu lake. Mupira ukashuka. Ile pembe ya koo, nikataka kutapika, mukono ukaanza kupanda, na nikauona mukono wangu mwenyewe, maana ndiyo kitu nilichokuwa naona, mukono na mapaja. Nikawaza: nikiinua, atatoa. Nikaurudisha chini. Ko, ko, ko. Huuuu. Nikakohoa kwa nguvu, machozi ikamwagika, na Boniface akasema:

"Mama Véronique, ita mutoto wako. Sema jina yake."

Nikafungua kinywa. Nikaita Gaspard. Hakuna sauti. Upepo tu, unatoka kwenye mupira. Nikaita tena, hakuna. Nikaogopa kabisa, nikadhani wameniua sauti.

"Haisikiki?" Boniface aliuliza. Nikatikisa mabega. Na yule kijana akaanza kulia na kucheka pamoja. "Haisikiki, Docteur! Mama, mupira umepita palepale sauti inapozaliwa. Pumzi yako yote iko ndani yake. Umetoka majini. Sasa ulale."

Ni neno la mwisho nilisikia, na nililala nikiita mutoto wangu bila sauti.

Niliamuka. Paja ilikuwa inaungua pale walipotoa ngozi, koo imekwaruka, na nilikuwa natazama dari. Dari, Merveille! Mbao zake zilikuwa na buibui, nikampenda yule buibui.

Lakini sikiliza vile maisha inacheka. Walinifunga plâtre, ile chokaa ngumu ya kufunga mifupa, kutoka kidevu mpaka mabega, kichwa kimesimama juu, ili ngozi mupya isivute. Zamani niliona chini tu, sasa niliona juu tu. Gaspard akaja, akachuchumaa mahali pake, akatazama juu. "Mama, nakuona!" Na mimi sikumuona. Niliona buibui. Nilisikia anazunguka meza ya kitanda, anatafuta uso, kiisha analia. Augustin akamuinua, na Gaspard akageuza kichwa, hakumujua huyu mwanamuke wa kichwa juu. Alizoea mama wa kumufunika sawa paa. Mama Yema alisema, "Mwache, atajua sauti." Usiku kucha ile ilinitesa kuliko paja.

Boniface, ukitaka kujua, alifundisha wengine ile kazi, na nilisikia aliwaambia waulize kila mugonjwa maji gani alizaliwa karibu yake. Sijui kama wanauliza bado. Wewe usingoje waulize. Yule mwenye kukulalisha, muonyeshe shingo, muambie inafika wapi na haifiki wapi, muambie unafunga, unakoroma, unaogopa. Muulize atafanya nini kama njia ya kwanza ikikataa. Akikuambia bila kukasirika, mupe uso wako.

Mvua ikaisha, jua ikaanza, wakakata plâtre. Docteur Maurice alisema: pole pole. Nilikuwa nimeketi kwenye bangi ya barza, Augustin upande huu, Papa Lusuna upande ule. Shingo ilikuwa nyepesi, inatetemeka sawa ya mutoto muchanga. Gaspard alisimama mbali, nyuma ya nguo ya Mama Yema. Kiisha akaja. Akachuchumaa mbele yangu, chini kabisa, pale pale pa siku zote, akatazama juu na kungojea.

Na mimi nikainamisha kichwa. Hakuna ngozi iliyonivuta. Niliinama kwa sababu nilitaka, mpaka nikamuona.